Ukuta na Rangi: Greiji bafuni, na kwa nini usiku inageuka zambarau

Tangu toleo lililopita nilipogusia greiji, yaani kile kijivu kilichotiwa hudhurungi mpauko hadi ubaridi wake ukavunjika, barua nyingi zilizonifikia zimetoka bafuni. Sishangai. Sebuleni greiji husamehe mengi, bafuni haisamehi. Chumba ni kidogo, vigae vimeshika nusu ya ukuta, kioo kinarudia kila kitu, na taa huwashwa hata mchana. Kabla ya kuanza kuandika hapa nilisimama miaka mingi nyuma ya mashine ya kuchanganyia rangi, kwa hiyo mtaniona narudi kwenye kopo kila mara kuliko kwenye kadi ya sampuli za rangi. Barua nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Bafu letu halina dirisha. Vigae ni vya krimu, vimefika usawa wa kifua. Juu yake tumepaka greiji ambayo kwenye kadi ilikuwa kijivu tulivu kabisa. Mchana mlango ukiwa wazi naiona sawa. Usiku nikiwasha taa ukuta unakuwa zambarau. Mume wangu anasema ni macho yangu. Fundi anasema ni rangi niliyochagua mwenyewe. Nani mkweli? – Mama wa Zambarau

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako ni mazima. Fundi naye amepaka alichopewa, tumwache. Ukuta wako unageuka kwa sababu tatu zilizokutana chumba kimoja.

Ya kwanza ni kigae. Kijivu kikikaa ubavuni mwa krimu yenye unjano, jicho hukisukumia upande ulio kinyume na njano, na kinyume cha njano ni urujuani. Jambo hili si la juzi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, alipokuwa akisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins kule Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza akakuta weusi wenyewe hauna kasoro. Ulichuja kwa sababu ya rangi za nyuzi zilizopakana nao. Mwaka 1839 akachapisha kanuni yake, na mpaka leo ndiyo inayowasumbua watu mabafuni. Ukitaka kuithibitisha, bandika karatasi nyeupe juu ya vigae vilivyo karibu, ubaki na ukuta peke yake, halafu tazama tena. Zambarau ikipungua sana, mchokozi ni kigae.

Ya pili ni taa. Fungua balbu usome maandishi yake. Ikiwa ni 6500K (K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), huo ni mweupe wenye ubluu, na utaamsha kila chembe ya ubluu na urujuani iliyolala ndani ya kijivu. Balbu ya 2700K hadi 3000K inaelekea njano, nayo huituliza greiji. Tazama pia namba ya CRI, ambayo hueleza taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu. Bafuni usikubali chini ya 90. Balbu mbili zinaweza kuwa na Kelvini zilezile, lakini moja ikauonyesha ukuta ulivyo na nyingine ikaupaka uso wako umajivu.

Ya tatu, na hapa ndipo kwangu, ni kopo. Hakuna rangi ya asili iitwayo greiji. Mashine huanza na msingi mweupe, ikadondosha nyeusi, kisha njano ya oksidi, kisha, kulingana na jina lililoagizwa, ama nyekundu ya oksidi, ama hudhurungi, ama kidogo cha majenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau. Nyeusi nyingi za mashine zina ubluu ndani yake. Zikikutana na njano peke yake mchanganyiko huegemea kijani cha majani makavu. Ukiongeza nyekundu kiasi, ukijani unakufa na kijivu kinapata joto. Ukizidisha nyekundu, au ukitia majenta, zambarau imeingia, na haitajionyesha kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja. Inasubiri ukuta mzima na taa ya usiku.

Sasa nenda stoo, utoe kopo lililobaki, ugeuze mfuniko. Mara nyingi pana kibandiko chenye mistari ya herufi na tarakimu. Hicho ndicho kipimo cha rangi yako: kila mstari ni rangi moja iliyodondoshwa na kiasi chake. Herufi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini yeyote anayekaa kwenye mashine ya kampuni hiyo atakusomea papo hapo. Muulize swali moja tu: humu ndani mna nyekundu au majenta, na inalingana vipi na njano? Akikwambia nyekundu imeipita njano, umepata jibu la kumpelekea mume wako.

Cha kufanya, badili balbu kwanza kabla hujanunua kopo jingine. Weka ya 3000K yenye CRI 90 au zaidi, ukae nayo siku kadhaa. Mabafu mengi ya namna yako yamepona hapo hapo. Ikishindikana, paka upya kwa greiji iliyojengwa kwa nyeusi na njano, yenye nyekundu ya kugusia tu. Kwenye kadi itaonekana ina ukijani na utaiogopa. Mbele ya kigae cha krimu ukijani huo hautauona.

SWALI: Bi Fundi, sakafu yetu ina vigae vya zamani, waridi iliyochanganyika na kahawia. Hatuna mpango wa kuvibandua. Dada yangu ananiambia nipake greiji ya kijani kijani ili "kuua" uwaridi. Nimfuate? – Mwenye Sakafu ya Waridi

JIBU: Usimfuate, ingawa nia yake ni njema. Kijani hakiui waridi kikiwa kando yake. Kinaiua kikichanganywa nayo ndani ya kopo. Vikiwa majirani, kila kimoja humwinua mwenzake, na sakafu yako itakuwa ya waridi kuliko ilivyowahi kuwa tangu ijengwe.

Wewe unahitaji greiji iliyo ndugu wa sakafu: ile yenye nyekundu ya oksidi kidogo, ambayo mwenye bafu la krimu hapo juu nimemkataza. Kitu kilekile kilichomharibia yeye kitakufaa wewe. Ndiyo maana huwa nakataa nikiulizwa "greiji gani nzuri" na mtu ambaye hajaniambia ana kigae gani. Kigae, sinki na choo haviondoki kesho. Rangi ndiyo inayotakiwa kuvifuata.

Namna ya kujaribu, maana hapa ndipo watu hukata kona: usipake viraka ukutani. Rangi ya zamani itakudanganya kutoka kila upande wa kiraka. Chukua ubao mwepesi au kadibodi nene ya kama sentimita 60 kwa 60, uipake mikono miwili, na uache ukingo mweupe wa vidole viwili pande zote. Huo weupe ndio utakaokuonyesha rangi imeegemea wapi. Ukikauka, usiulaze. Usimamishe wima, ukingo wake wa chini ukigusa kigae, kwa sababu ukuta wako nao umesimama na mwanga unaufikia kwa pembe hiyo. Utazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ya kioo ikiwa imewashwa. Kisha uhamishie kona ya mbali na mlango urudie. Chukua greiji mbili au tatu uziweke pamoja, kwa kuwa moja ikiwa peke yake haisemi lolote. Zikiwa tatu utaona mara moja ipi ina waridi, ipi kijani, ipi buluu.

Jambo moja la wachanganyaji ambalo wateja hawaambiwi: kikopo kidogo cha sampuli hupokea rangi kwa vitone vidogo mno, na kitone kimoja kikipungua au kuzidi tofauti inaonekana. Ukishapenda sampuli, kopo kubwa likifika lipakwe kwanza juu ya nusu ya ubao uleule. Likikauka mstari wa katikati usionekane. Ukionekana, rudisha kopo kabla rola haijagusa ukuta. Na usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi nyingi za maji huwa nyeupe kidogo zikiwa na umaji na hukolea zikikauka.

SWALI: Habari Bi Fundi, mimi ni kijana najenga mwenyewe. Mtandaoni kila mtu anataja greiji ziitwazo Agreeable Gray na Revere Pewter. Nikipeleka jina tu dukani watanipa ileile? Na ipi inafaa bafu? – Kijana wa Tofali

JIBU: Nzuri, mwanangu, na hongera kwa ujenzi. Ukipeleka jina la kampuni moja kwa kampuni nyingine, watakuchanganyia ya kufanana. Msingi mweupe si uleule, rangi za kudondosha si zilezile, na mng'ao si uleule. Inaweza kukaribia sana, lakini ubao wa majaribio upake kwa hiyo uliyochanganyiwa, usitegemee picha ya mtu. Kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe, kwa hiyo bafu unaloliona kwenye skrini simu imeshaligusa.

Kuhusu hayo majina, nitakueleza ninavyoyaona mimi. Agreeable Gray ya kampuni ya Sherwin-Williams, SW 7029, ndiyo ya katikati kuliko zote. Ina joto kiasi, na kwenye mwanga wa baridi huweza kuchungulia urujuani. LRV yake ni 60. Kama hujaikuta hii namba, hupima mwanga ambao rangi inaurudisha, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 100 nyeupe kabisa. Repose Gray, SW 7015, ina LRV ya 58 lakini ni kijivu zaidi, na bafuni pasipo jua inapoa haraka. Accessible Beige, SW 7036, nayo ni 58, ila imevuka mpaka upande wa hudhurungi, na vigae vya krimu huipenda. Revere Pewter ya Benjamin Moore, HC-172, iko karibu na 55 na ina ukijani wa udongo; kwenye sebule yenye jua ni nzuri sana, kwenye bafu la balbu moja huonekana kama ukuta unaohitaji kufuliwa. Jirani yake, Edgecomb Gray, HC-173, imepita 60 na ndiyo ningeijaribu kwanza kwenye bafu dogo. Elephant's Breath ya Farrow & Ball, namba 229, wengi huichukua wakidhani ni kijivu, kisha jioni wanaandika barua kama ya Mama wa Zambarau.

Usiifuate LRV kama sheria. Bafu lisilo na dirisha huwa naanzia 58 kwenda juu nikitaka lionekane pana. Lakini rangi yenye 65 na taa mbovu haitamshinda mwenzake wa 50 mwenye taa nzuri.

SWALI: Dirisha letu la bafu linatazama mti mkubwa. Kuna tofauti? – Msomaji wa Kivulini

JIBU: Kubwa. Jua likipiga majani, mwanga unaoingia ndani ni wa kijani, na greiji yenye ukijani itageuka rangi ya maji ya kidimbwi. Chagua yenye wekundu kidogo. Kioo cha dirisha chenye ukungu hakiondoi rangi hiyo, kinaitawanya tu.

Kwa wasio na mti: ukikaa mbali kaskazini ya ikweta, dirisha la kaskazini huleta mwanga wa baridi siku nzima, kusini ya ikweta geuza, ni dirisha la kusini. Walio karibu na ikweta waangalie zaidi mashariki na magharibi. Bafu la mashariki lina joto asubuhi na linapoa mchana. La magharibi hupokea rangi ya machungwa jioni, na greiji yenye wekundu hapo huwa kama imepigwa poda.

SWALI: Bi Fundi nisaidie haraka. Tumepaka greiji Jumamosi. Jumapili watoto wameoga maji ya moto. Leo ukutani yanateremka machozi ya kahawia, yananata ukiyagusa. Fundi anataka kupaka mkono mwingine juu yake. – Mwenye Ukuta Unaolia

JIBU: Mzuie fundi. Hakuna kilichoharibika.

Ndani ya rangi ya maji kuna viungo vya jamii ya sabuni vinavyosaidia chembe za rangi zisigandane. Rangi ikikauka na kukomaa, viungo hivyo hubaki vimetulia au huondoka polepole. Mvuke ukiiwahi kabla haijakomaa, huvivuta juu ya ukuta na kuviteremsha na matone, nao hukauka vikiwa kahawia au vinang'aa. Rangi zilizotiwa rangi nyingi huathirika zaidi, kwa sababu hata zile rangi za kudondosha huja na viungo hivyo. Futa kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu, bila kusugua. Pengine yatarudi mara moja au mbili, ufute tena. Yatakoma yenyewe. Mkipaka mkono mwingine sasa mtafungia unyevu ndani na machozi yataanza upya.

Watu huchanganya kukauka na kukomaa. Ukuta ukiugusa baada ya saa chache ni mkavu, lakini kukomaa huchukua wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo ogeni bafu jingine kama lipo, au maji yawe ya baridi na mlango wazi. Feni ya kutoa hewa iwashwe mnapoanza kuoga na iachwe kama dakika 20 baada ya kumaliza, na hiyo iwe desturi hata rangi ikishakomaa. Kama hiyo kahawia inatoka sehemu moja tu, chini ya msumari au kando ya bomba, hiyo ni kutu, na dawa yake ni nyingine: kwangua, paka praima (rangi ya kutangulia chini) ya kuzuia kutu, kisha rangi.

SWALI: Nina nusu ndoo ya greiji ya sebuleni, ile isiyong'aa. Naweza kuimalizia bafuni? – Mbana Matumizi

JIBU: Kwenye choo kisicho na shawa, imalizie. Juu ya shawa, hapana: rangi ya kawaida isiyong'aa hunywa unyevu na ukiifuta mara kwa mara huacha alama. Bafuni tumia satini, yaani yenye mng'ao mdogo, au yenye mng'ao wa kati, au zile zisizong'aa zilizotengenezwa mahususi kwa mabafu, ambazo siku hizi zipo na mimi nazipenda kuliko satini. Satini ina ubaya wake: taa ya kioo ikiupiga ukuta ubavuni, kila alama ya mwiko wa fundi wa plasta inaonekana. Na ujue greiji ileile ikiwa na mng'ao itaonekana imekolea zaidi kuliko ile ya sebuleni. Usilaumu mashine.

SWALI: Shikamoo. Kona ya dari juu ya shawa ina madoa meusi. Nikipaka greiji mikono mitatu yatafunikwa? Na ukuta wa upande wa pili una plasta ya wiki iliyopita, nao naweza kuupaka sasa? – Baba Watatu

JIBU: Marahaba. Yatafunikwa, kisha yatatoka mbele yako yakiwa yamenenepa. Ukungu ni kiumbe hai, na rangi juu yake ni blanketi. Vaa glavu na barakoa, sugua kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, suuza, acha pakauke kabisa. Ukiamua kutumia dawa ya kupaushia yenye klorini, usiichanganye hata kidogo na amonia wala na asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Pakikauka paka praima ya kuzuia madoa, ndipo rangi. Lakini nakuuliza, mvuke wa bafu lako unatokea wapi? Kama hakuna feni wala dirisha linalofunguka, madoa yatarudi hata ukipaka dhahabu. Na kama doa liko mbali na shawa, lina umbo la duara na ukingo wa kahawia, tafuta bomba linalovuja juu ya dari kabla ya kutafuta rangi.

Plasta ya wiki moja, iache. Saruji mbichi ina alkali kali inayoshambulia rangi na kuacha mabaka meupe. Subiri kama wiki nne, na uanze na praima inayohimili alkali. Kwenye greiji mabaka hayo yanaonekana vibaya kuliko kwenye nyeupe.

SWALI: Bafu ni mita 2 kwa 1.5, urefu wa ukuta 2.6, vigae vimefika mita 1.5. Lita ngapi? – Mhesabu

JIBU: Mzunguko ni mita 7, ukuta uliobaki juu ya vigae ni mita 1.1, kwa hiyo mita za mraba 7.7. Toa dirisha dogo na kipande cha mlango, tuseme zimebaki 7. Mikono miwili ni 14. Lita moja hufunika mita za mraba kama 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chukua lita 2, na kitakachobaki kifunge vizuri uandike tarehe na jina la chumba juu ya mfuniko, bila kuziba kibandiko cha kipimo. Ukilazimika kununua makopo mawili, yamimine pamoja kwenye ndoo moja uchanganye kabla ya kuanza. Kona ndiyo huumbua makopo yasiyofanana.

SWALI: Bi Fundi, choo chetu cha wageni ni kidogo mno, hakina dirisha. Mimi nataka greiji iliyokolea sana. Shemeji yangu anasema chumba kidogo lazima kiwe cheupe la sivyo wageni watahisi wamefungiwa. Tuamulie. – Shabiki wa Giza

JIBU: Nipo upande wako, shemeji anisamehe. Nyeupe inahitaji mwanga wa kurudisha. Pasipo dirisha haina cha kurudisha, na kwenye kona hugeuka kijivu kichovu ambacho hakuna aliyekichagua. Ni heri umchague kijivu wako mwenyewe. Mega Greige ya Sherwin-Williams, SW 7031, yenye LRV ya 37, ni ya kiwango ninachokizungumzia, au yoyote iliyo kati ya 35 na 45. Chini ya hapo utakuwa umeshatoka kwenye greiji umeingia kwenye kahawia.

Ukiamua, usifanye nusu. Paka kuta, dari na hata fremu ya mlango rangi hiyohiyo. Dari nyeupe juu ya kuta zilizokolea huchora mstari unaoonyesha mahali chumba kinapoishia, na mstari huo ndio unaomfanya mgeni ahisi kafungiwa. Mstari ukiondoka, choo na sinki nyeupe vitajitokeza kama vipya. Dari iwe isiyong'aa, kuta satini. Hakikisha tu weupe wa sinki si ule wa krimu wa zamani. Kama ni wa krimu, rudi kwenye greiji ya njano niliyomweleza msomaji wa kwanza, maana yenye wekundu italifanya sinki lionekane lina madoa ya chai.

Taa moja ya darini haitoshi. Inatupa kivuli chini ya macho na kwenye ukuta uliokolea kivuli hicho kinazidi. Weka taa mbili pande mbili za kioo, usawa wa uso, 3000K. Kama nyaya zipo sehemu moja tu, iwe juu ya kioo na iwe ndefu kama kioo chenyewe.

Gharama yake ni matone. Maji magumu, sabuni na dawa ya meno hukauka meupe, na kwenye greiji iliyokolea utayaona yote kuzunguka sinki. Kwa hiyo nyuma ya sinki pandisha kigae au kipande cha kioo kwa urefu wa kiganja na nusu. Bafu la watoto nisingelipaka hivi. Choo cha wageni, nunua ubao, upake, umwite shemeji autazame usiku taa ikiwaka, na mlango umefungwa.